Kumtoa Mtu Nje kwa Kiingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maneno ya Kufukuza, Kutimua na Kutosa

Kwa nini Kiingereza kina vitenzi vingi kiasi hiki kwa jambo moja la kumtoa mtu nje?

Kwa sababu waliokuwa wakiwatoa wenzao nje hawakuwa watu wa aina moja, wala hawakuzungumza lugha moja. Wakulima na wavuvi wa kale walitumia maneno yao ya asili pamoja na yale waliyoletewa na Waskandinavia. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mahakama na mashamba makubwa yaliendeshwa kwa Kifaransa, huku makasisi na wanavyuo wakiandika kwa Kilatini. Mabaharia walikuwa na msamiati wao wa chomboni, na kuanzia karne ya 19 baa, viwanda na migahawa ya Marekani ikamwaga misimu ambayo hadi leo haijakauka. Kila kundi liliacha neno lake penye mlango wake. Ndiyo maana mtafsiri anayekutana na kitenzi cha Kiingereza cha kufukuza hufanya vyema kujiuliza kwanza mtu huyo anatolewa wapi, na anayemtoa ana mamlaka gani, kabla hata ya kuuliza kama neno lenyewe ni kali au laini. Majibu yafuatayo yanapita mlango kwa mlango, ingawa baadhi ya milango hiyo, kama msomaji atakavyoona, ni madirisha.

"Throw out" ni msemo wa kila siku. Je, una historia yoyote?

Unayo, tena ya kushangaza. Kitenzi "throw" katika Kiingereza cha kale kilimaanisha kusokota au kuzungusha, na mpaka leo mfinyanzi wa Kiingereza husemwa kuwa "anatupa" chungu, ilhali udongo wake uko palepale ukizunguka kwenye gurudumu. Kazi ya kutupa ilifanywa na kitenzi kingine, "weorpan", ambacho siku hizi kimebaki kama "warp", yaani kupinda, kama ubao ulioachwa juani unavyopinda. Lililokuwa likisokota sasa linatupa, na lililokuwa likitupa sasa linapinda.

Katikati ya mageuzi hayo aliingia mgeni, "cast", kutoka "kasta" ya Waskandinavia, akatawala kwa karne kadhaa. Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 hutoa pepo kwa "cast out", na mtu aliyekataliwa na jamii yake bado huitwa "outcast". Leo "cast" amestaafu nusu: anatupa wavu, ndoano na kura, lakini akitumiwa kwa mlevi anayetolewa baa, msikilizaji atadhani msemaji yumo kwenye mahubiri.

Ni kweli kwamba lipo neno la kumtupa mtu dirishani?

Lipo. Nomino ni "defenestration", imetokana na Kilatini "fenestra", dirisha, na limeingia katika Kiingereza kwa sababu ya asubuhi moja katika jiji la Prague.

Tarehe 23 Mei 1618, wakuu wa Kiprotestanti wa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Czech, walipanda hadi chumba cha ofisi ya serikali katika ngome ya Prague, wakiwa na hasira kwamba uhuru wa dini walioahidiwa kwa hati ya mwaka 1609 ulikuwa unakiukwa. Walimkuta Vilém Slavata na Jaroslav Bořita wa Martinice, mawakili wawili Wakatoliki wa mfalme, wakawasomea mashtaka palepale, na baada ya majibizano wakawabeba hadi dirishani. Martinice alitangulia. Slavata aling'ang'ania kizingiti cha dirisha kwa vidole mpaka alipopigwa kwenye viungo vya vidole akaachia. Katibu wao, Philip Fabricius, akafuata. Kutoka dirishani hadi chini palikuwa na takriban mita 21, na wote watatu wakapona.

Mabishano kuhusu kupona kwao hayakuchelewa: Wakatoliki walisema Bikira Maria aliwapokea, Waprotestanti wakasema waliangukia lundo la samadi. Fabricius alikimbilia Vienna kutoa taarifa, na baadaye akapewa cheo cha ukabaila chenye jina linalomaanisha "wa Anguko la Juu". Sijui kama kuna mtumishi mwingine wa serikali aliyetuzwa jina la namna ya kufukuzwa kwake. Vita vilivyoanzishwa na tukio hilo vilidumu miaka 30, hadi 1648.

Wenyeji wa Prague hawakuwa wageni wa mtindo huo. Tarehe 30 Julai 1419, wafuasi wa mwanamageuzi wa dini Jan Hus wakiongozwa na padri Jan Želivský waliingia katika ukumbi wa baraza la mji na kuwatupa nje madiwani, ambao hawakuwa na bahati ya Slavata.

Kitenzi "defenestrate" kilizaliwa nyuma sana ya nomino yake, na leo hutumiwa kwa mzaha zaidi kuliko kwa uzito. Waandishi wa siasa hukitumia chama kinapomwondoa kiongozi wake ghafla. Wataalamu wa kompyuta hukitumia kwa kufuta Windows kwenye mashine. Kwa Kiswahili, tukio halisi linafaa kuandikwa "kumtupa nje kupitia dirishani", kwa kuwa "kumtupa dirishani" peke yake humwacha msomaji asijue kama mtu ameangukia ndani au nje. Kwa kiongozi wa chama, "kung'olewa" kunatosha.

Kuna tofauti gani kati ya "evict", "eject" na "oust"?

Yote matatu yamepitia mahakamani, lakini yaliingilia milango tofauti.

"Evict" limetoka katika Kilatini "evincere", kushinda kabisa. Mwanzoni lilimaanisha kurudishiwa mali kwa hukumu, na hadi leo ndani yake mna karatasi: kuna mwenye nyumba, kuna mpangaji, kuna notisi, na mwishoni kuna mtu mwenye amri ya mahakama. Kwa hiyo linalolingana nalo ni kuondolewa katika nyumba au shamba kwa amri, kazi ambayo Tanzania hufanywa na dalali wa mahakama na ambayo magazeti ya Kenya huiita kufurusha. Mlevi haevictiwi kutoka baa.

"Eject" ni kurusha nje tu, kutoka "e", nje, na "jacere", kutupa. Rubani hurushwa na kiti chake kutoka ndegeni, mchezaji hutolewa uwanjani, kaseti ilitolewa na kitufe chenye pembetatu. Lakini sheria ya Uingereza ilikuwa na kesi iliyoitwa "ejectment", na hapo ndipo walipozaliwa watu wawili mashuhuri ambao hawakuwahi kuishi. Mtu aliyedai ardhi aliona njia ya zamani ya kudai ni ndefu mno, hivyo wakili wake alidai mahakamani kwamba mteja amempangisha shamba bwana mmoja, John Doe, na kwamba bwana mwingine, Richard Roe, amekuja akamfukuza Doe. Hapakuwa na Doe wala Roe, na kila aliyekuwamo mahakamani alijua. Lakini ili kuamua kama Doe alifukuzwa kwa haki, hakimu alilazimika kuamua kwanza ardhi ni ya nani, na hilo ndilo lililokuwa likitafutwa. Mchezo huo ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1852. Doe alihamia Marekani kikamilifu, ambako leo ni jina la maiti isiyotambuliwa na la mdai anayeficha jina lake. Roe naye, safari hii akiwa mwanamke, aliipa jina kesi ya utoaji mimba iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1973.

"Oust" limepitia Kifaransa cha mahakama kutoka Kilatini "obstare", kusimama mbele ya mtu na kumzuia. Siku hizi linaishi zaidi kwenye vichwa vya habari, ambako herufi zake nne zinathaminiwa kuliko maana yake.

Je, "boycott" linahusiana na kufukuzana?

Linahusiana, na kwa kejeli. Kapteni Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya kabaila mmoja karibu na Lough Mask, jimbo la Mayo, Ireland. Mwaka 1880 wapangaji waliomba kupunguziwa kodi, naye akaanza kuwapelekea notisi za kuondoka. Jirani zake wakamtenga: vibarua wakaacha mavuno shambani, wenye maduka wakakataa kumuuzia, mbeba barua akaacha kufika. Ilibidi waletwe wafanyakazi 50 kutoka kaskazini, wakilindwa na askari, wavune viazi na mazao mengine. Kabla ya mwaka kwisha Boycott mwenyewe alikuwa ameondoka Ireland, na jina lake limekuwa kitenzi, ambacho Kiswahili hukiita kususia. Aliyekuja na notisi ndiye aliyeondoka.

Neno "ostracize" lina uhusiano gani na vigae?

Katika Athens ya karne ya 5 kabla ya Kristo, raia walikuwa na haki ya kumwondoa mjini mtu mmoja kwa mwaka bila kumshtaki kwa kosa lolote. Karatasi haikuwapo na mafunjo yalikuwa ghali, lakini vyungu vilivyovunjika vilijaa kila uani. Raia aliokota kigae, "ostrakon" kwa Kigiriki, akakwaruza jina la mtu aliyemwona hatari, akakipeleka sokoni. Palihitajika vigae 6,000 ili kura iwe halali. Aliyeondolewa alipewa siku 10 za kufunga safari na miaka 10 ya kukaa mbali. Mali yake haikuguswa, na baada ya muda wake alirudi akiwa raia kamili.

Maelfu ya vigae hivyo yamechimbuliwa, na baadhi vinasema mengi kuliko vitabu. Katika kisima kimoja kwenye mteremko wa kaskazini wa Acropolis vilipatikana vigae 190 hivi, karibu vyote vikiwa na jina la mwanasiasa Themistokles, na wataalamu walipolinganisha miandiko waliona mikono 14 tu. Mtu alikaa na wenzake wakaandika kura za kugawa, kama tunavyojua karatasi za mgombea zinavyogawiwa mlangoni.

Kisa kinachopendwa zaidi kimesimuliwa na Plutarkho, mwandishi wa kale wa Kigiriki. Raia asiyejua kusoma alimpa kigae mtu aliyesimama karibu naye amwandikie jina la mwanasiasa Aristides, bila kujua kwamba huyo ndiye Aristides. Alipoulizwa Aristides amemkosea nini, akajibu kwamba hakumkosea lolote, ila amechoka kumsikia kila mahali akiitwa "Mwenye Haki". Aristides akaandika jina lake mwenyewe na kurudisha kigae.

Katika Kiingereza cha leo hakuna vigae wala miaka 10: "ostracize" ni kumtenga mtu kazini, shuleni au kijijini, mara nyingi kwa kunyamaza tu. "Kutenga" ndilo neno letu, lakini likumbukwe kwamba makanisa yetu hulitumia pia kwa adhabu rasmi, ambayo kwa Kiingereza ni "excommunicate". Anayetafsiri habari za waumini aangalie asije akamtoa mtu kanisani kwa sababu tu majirani hawamsalimii.

Kwa nini mhalifu aliitwa "outlaw"?

Kwa sababu alitupwa nje ya sheria yenyewe. Neno ni la Waskandinavia, "útlagi", na Waingereza walilipokea kabla ya mwaka 1066. Aliyeitwa mahakamani mara kadhaa bila kutokea alitangazwa kuwa nje ya sheria. Tangu hapo mali yake ilitaifishwa, na katika zama za kale aliyemuua hakuwa na kesi. Wanasheria walisema amevaa kichwa cha mbwamwitu, yaani ni wa kuwindwa. Mwanamke hakuweza kutangazwa hivyo, kwa hoja kwamba hakuwa ameapishwa kuingia ndani ya sheria, hivyo lilitumika neno jingine, "waived", kama kitu kilichoachwa njiani bila mwenyewe. Uingereza ilifuta adhabu hiyo katika mashauri ya madai mwaka 1879, na katika jinai mwaka 1938 tu, wakati filamu za mbwamwitu wa aina hiyo wenye farasi na bastola zilikuwa zimejaa kwenye majumba ya sinema.

"Jettison" ni neno la ndege au la meli?

La meli. Limetoka Kilatini "jactare", kurusharusha, kupitia Kifaransa cha mahakama, na lilimaanisha kutosa shehena ili chombo kisizame. Sheria ya bahari ilitofautisha kwa makini: mali iliyoelea baada ya chombo kuvunjika ni "flotsam", iliyotoswa kwa makusudi ni "jetsam", na iliyotoswa ikafungwa boya ili irudiwe ni "lagan". Kwa mwenye mali aliyesimama ufukweni tofauti hizo zilikuwa na maana kubwa.

Ndani ya neno hilo mna kanuni ambayo Warumi walisema waliirithi kutoka kisiwa cha Rhodes: mizigo ya mmoja ikitoswa ili kuokoa wote, hasara hugawanywa kwa wote ambao mali zao zimepona. Kanuni hiyo bado ni hai, na meli za makontena za leo huifuata kwa masharti yanayobeba majina ya miji ya York na Antwerp, ambako wafanyabiashara walikutana kuyaandika katika karne ya 19. Mwenye kontena moja la nguo anaweza kudaiwa mchango kwa sababu ya kontena la mtu asiyemjua.

Hapa Kiswahili hakihitaji kuazima. "Kutosa" ni neno la jahazi, na nahodha wa pwani anapoagiza shehena itoswe hana haja ya kamusi. Uzuri ni kwamba lugha zote mbili zimelipandisha neno lao nchi kavu: Mwingereza "hujettison" sera iliyomchosha, nasi tunamtosa rafiki.

Kwa nini kufukuzwa kazi ni kupewa gunia, na pia ni kuchomwa moto?

Gunia kwanza. "Get the sack" umeenea katika Kiingereza tangu karne ya 19, lakini Wafaransa walikuwa nao mapema: kamusi ya Kifaransa na Kiingereza ya Randle Cotgrave ya mwaka 1611 inaeleza kwamba mtumishi aliyepewa mfuko wake ni aliyeachishwa na bwana wake. Maelezo ya kawaida ni kwamba fundi alifika na vifaa vyake mfukoni, na kurudishiwa mfuko kulimaanisha kazi imekwisha. Picha hiyo haihitaji kufafanuliwa kwa anayesema "amefungashiwa virago". Tahadhari moja: gunia hilohilo, kwa njia ya Kiitaliano, limezaa kitenzi kingine, kuupora mji uliotekwa. Rumi ilikuwa "sacked" mwaka 410, na nimewahi kusahihisha kazi ya mwanafunzi iliyoeleza kwa utulivu kwamba mwaka huo mji wa Rumi uliachishwa kazi.

"Fire" ni utani wa Wamarekani wa miaka ya 1870 na 1880. Kiingereza kilikuwa na "discharge", lenye maana mbili: kumwachisha mtu kazi na kufyatua bunduki. Mtu mcheshi akachukua neno la pili la kufyatua bunduki, ambalo ni "fire", akalipeleka kwenye maana ya kwanza, na likabaki. Simulizi kwamba wachimba madini wezi walichomewa vifaa vyao, au kwamba koo fulani zilichoma nyumba za wasiotakiwa, zimetungwa baadaye ili kueleza neno ambalo tayari lilikuwapo.

Waingereza pia husema "get your cards". Mwajiri alitunza kadi za bima ya taifa za wafanyakazi wake, na siku aliyokukabidhi kadi yako ulijua la kufanya. Msemaji wa Kiswahili atatabasamu hapa, kwa kuwa kibarua, kama jina linavyosema, ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa, ambacho kilihama kutoka mkononi kikawa jina la kazi na la mtu mwenyewe. Nacho kikiota nyasi, hasa kwa makocha wa mpira, mambo yamekwisha. Nairobi watasema amepigwa kalamu au amemwaga unga. Tanzania, tangu Rais John Magufuli alipoanza kutumbua majipu baada ya uchaguzi wa 2015, kigogo wa serikali hutumbuliwa, neno ambalo Kiingereza hakina mfano wake, kwa sababu linamgeuza anayefukuzwa kuwa ugonjwa na anayefukuza kuwa tabibu.

Afisa wa jeshi akiwa "cashiered", alipelekwa kuhesabu fedha?

Hapana, ingawa tafsiri moja ya riwaya niliyowahi kupewa kuipitia ilimfanya kapteni kuwa keshia. Ni maneno mawili yanayofanana sura. Keshia wa benki anatokana na sanduku la fedha. Huyu wa jeshini anatokana na kitenzi cha Kifaransa cha kuvunja, kilichopitia kwa Waholanzi wakati askari wa Kiingereza walipopigana nchini mwao katika karne ya 16. Alivunjwa, yaani alivuliwa cheo na kufukuzwa kwa fedheha. Askari wa kawaida yeye "alipigiwa ngoma", "drummed out": alitembezwa mbele ya kikosi huku wapiga ngoma wakimtoa kambini kwa wimbo maalumu wa walaghai.

Mwanafunzi anapokuwa "rusticated" au "sent down", amefukuzwa?

Inategemea. "Rusticate" ni kutoka Kilatini "rus", shamba, na kwa vyuo vya Oxford na Cambridge maana yake ni kusimamishwa kwa muda: nenda shamba ukatulie, kisha urudi. "Sent down" ni kufukuzwa kabisa, kwa kuwa wanavyuo hao hupanda kwenda chuoni, hata wakitoka milimani, na njia ya pekee iliyobaki ni kushuka. Mshairi Percy Bysshe Shelley alifukuzwa Oxford mwaka 1811 kwa sababu ya kijitabu kilichotetea kutoamini Mungu. Nchini India na Pakistan, hata hivyo, "rusticated" hutumiwa kwa kufukuzwa shule moja kwa moja, hivyo anayesoma cheti au barua kutoka huko asidhani kwamba mtoto atarudi muhula ujao.

Baunsa ametoka wapi?

Marekani, karne ya 19, kutoka kitenzi "bounce", ambacho zamani kilimaanisha kupiga kwa kishindo kabla ya kuwa mdundo wa mpira. Uingereza alikuwa na mwenzake aliyeitwa "chucker-out", mtupaji, na saa ya kufunga baa bado wengine huiita saa ya kutupa watu nje. Kiswahili kimemchukua Mmarekani, kikampa wingi wa mabaunsa, na kimempa pia kazi za ziada, kwa kuwa siku hizi hulinda wanamuziki na hata wanasiasa.

Namna yake ya kazi nayo ina jina, "the bum's rush", la mwanzoni mwa karne ya 20. "Bum" wa Kimarekani ni mzururaji asiye na hela, aliyeingia baa ili ale vyakula vya bure vilivyowekwa kaunta kwa ajili ya wanywaji. Alishikwa ukosi kwa mkono mmoja na kiuno cha suruali kwa mkono wa pili, akainuliwa mpaka ncha za viatu zikawa zinagusa sakafu kwa shida, akakimbizwa hivyo hadi barabarani. Tunasema alitolewa msobemsobe, na sioni tafsiri nyingine inayoweza kushindana na hiyo.

Namba 86 inamaanisha nini katika migahawa ya Marekani?

Ilianza miaka ya 1930 kama lugha ya siri ya wahudumu. Mpishi akiita kwamba samaki ni 86, samaki wamekwisha, usipokee oda nyingine. Baadaye namba ilihamia kwa wateja: mteja aliyepewa 86 hahudumiwi tena, na sasa ni kitenzi kamili cha kuondoa chochote, kuanzia mlevi hadi kitunguu kwenye sahani. Maelezo yenye nguvu zaidi ni ya vina: "eighty-six" ina kina kimoja na "nix", neno la mitaani la kusema hakuna. Wakazi wa New York watakuonyesha mlango wa baa ya zamani katika namba 86 ya mtaa wa Bedford na kukuhadithia jinsi wateja walivyotorokea hapo polisi walipokuja zama za marufuku ya pombe. Hadithi ni tamu, na vinywaji vya simulizi hiyo vimelipiwa na watalii wengi, lakini matumizi ya kwanza yaliyoandikwa yanahusu chakula kilichokwisha, si watu waliotoka.

Na vitu, je? Kuna maneno ya kutupa uchafu nje?

Lililo bora ni la Edinburgh. Nyumba za mji wa kale zilikuwa za ghorofa nyingi na hazikuwa na mabomba, hivyo usiku maji machafu na yaliyomo ndani ya vyungu vya chumbani yalimwagwa dirishani hadi uchochoroni. Kabla ya kumwaga, mtumishi alipaza sauti, "Gardyloo!", Kifaransa kibovu cha kusema jihadhari na maji. Mpita njia alipiga kelele amzuie mpaka apite.

Msemo wa kumtupa mtoto pamoja na maji ya kuogea ni wa Kijerumani. Thomas Murner aliuchapisha mwaka 1512 pamoja na picha ya mwanamke akimwaga beseni na mtoto akichungulia kutoka ndani yake, na mwandishi Thomas Carlyle aliuingiza katika Kiingereza mwaka 1849. Barua iliyosambaa kwenye intaneti mwishoni mwa miaka ya 1990, ikidai kwamba familia nzima ilioga maji mamoja mpaka mtoto wa mwisho asionekane kwa uchafu, ni ya kuchekesha tu.

Nikiandika barua rasmi kwa Kiingereza, nitumie lipi?

Kwa kazi, "dismiss" au "terminate". Kwa nyumba, "evict", ikiwa tu amri ipo. Kwa chama au shule, "expel". Mengine yote yaliyotajwa hapa yaachwe kwa magazeti na mazungumzo.

Na mpenzi anapomwacha mwenzake?

Kiingereza cha zamani kilikuwa na "jilt", hasa kwa aliyeachwa baada ya ahadi ya ndoa, na katika Marekani ya karne ya 19 kijana aliyekataliwa alisemwa kuwa amepewa glavu ya sufu. Cha leo kina "dump", kitenzi cha lori la taka linaloinua tela na kuacha mzigo uporomoke, nasi tulikuwa tumeshafika hapo bila msaada: fulani amemwagwa. Tukitaka bahari, ametoswa. Tukitaka mieleka, amepigwa chini. Tofauti iko kwenye sheria. Aliyeachwa kwa "jilt" nchini Uingereza aliweza kumshtaki mwenzake kwa kuvunja ahadi ya ndoa na kulipwa fidia, na juri ziliwasikiliza wachumba waliosoma barua zao za mapenzi mbele ya umma, mpaka Bunge lilipoifuta haki hiyo mwaka 1970.